Kipande cha Ukuta Chini ya Dirisha la Jikoni

Pightle,
Njia ya Kanisani,
Monks Tilling,
Suffolk.

11 Oktoba 1998

Mpendwa Baba Mdogo Edwin,

Pokea salamu kutoka nyumba uliyozaliwa. Natumaini zinakukuta mzima, goti limepoa baada ya upasuaji, na presha ya Mama Mdogo Beryl imetulia. Mwanao Trevor na wanawe je, hawajambo? Huko kwenu Tasmania naambiwa maua ndiyo yanaanza. Hapa kwetu majani yanadondoka, na kila asubuhi kabla ya chai natoka nje kugusa nyasi nione kama zimeshika barafu. Majirani wanadhani nimeanza kuchanganyikiwa. Nikifika mwisho wa barua hii utajua kwa nini naamkia nyasi.

Sisi hatujambo kiasi. Mimi mwili uko imara, ila usingizi na subira vimenikimbia vyote viwili. Baba kifua kinamsumbua tena. Anakohoa, halafu anakanusha kwamba amekohoa. Ana miaka sabini na sita sasa na bado anabishana na daktari kuhusu kifua chake kana kwamba ni kifua cha daktari.

Najua utashangaa kupata barua yangu. Sisi na ninyi tumekuwa watu wa kadi ya Krismasi, na hata hiyo ni Mama Mdogo anayeandika na mimi ninayejibu. Ningepiga simu, lakini nakumbuka mwaka aliofariki Mama: nilikupigia, nikapaza sauti mpaka Bibi Doris wa ng'ambo ya njia akaja mbio kuuliza kuna nini, nawe ukanijibu habari za kondoo wako. Kwa hiyo nimeona niandike, usome taratibu, na mtu asikukatize.

Nina ombi, na jibu nalihitaji kabla ya barafu. Ukuta wa mbele una tundu, hapa hapa jikoni nilipokaa. Limefunikwa kwa gunia, na gunia linapigwa na upepo tangu asubuhi. Baba hataki lizibwe na mtu yeyote. Anakaa kando yake mchana kutwa na kifua chake hicho. Naogopa, Baba Mdogo. Naogopa tundu hili litamuua kabla hujaisoma barua hii, na sitii chumvi.

Nianze mwanzo, maana nikiendelea hivi hutanielewa.

Nyumba unaijua kuliko mimi. Mlango wa mbele bado unampiga kila mgeni kichwani, na vikari wetu mpya wa kanisani ameshaupata mara tatu. Ngazi bado inazunguka dohani, na mtu akipanda na trei ya chai lazima aende upande upande. Sakafu ya chumba chako cha zamani bado inateremka kuelekea dirishani. Ghorofa ya juu bado imejitokeza nje juu ya mlango, na mbayuwayu bado wanajenga chini yake na kutuchafulia kizingiti. Nilirudi kukaa humu baada ya Norman kupata mke mwingine wa kumfulia soksi, na kusema kweli sikujutia. Nyumba hii ina kelele zake, lakini haijawahi kunidanganya.

Mpaka mwezi wa nane. Siku hiyo tarishi aligonga mlango kama kawaida yake, na kipande cha saruji chenye ukubwa wa sinia kikambandukia miguuni. Nyuma yake palikuwa na ile boriti ya chini, ile inayobeba nguzo zote za mbele. Rangi yake ilikuwa kahawia, na ilikuwa imelowa. Nilichukua kijiko cha chai nikaichoma. Kijiko kikazama hadi mpini.

Nilimwita Baba. Akaangalia boriti, akaniangalia mimi, akaangalia kijiko.

"Umeharibu kijiko," akasema.

"Baba, boriti imeoza."

"Hilo vumbi tu. Ulitaka nyumba ya miaka mia nne isiwe na vumbi?"

Akachukua mpini wa jembe la zamani akauegemeza ukutani, na kwake yeye kazi ikawa imekwisha. Lakini mlango wa mbele ulianza kugoma. Akaupiga randa juu. Wiki iliyofuata ukagoma tena, akaupiga randa tena, mpaka ukawa na umbo la kipande cha jibini. Juu chumbani kwake dirisha likaanza kulia upepo ukivuma. Nami nikaanza kusikiliza. Nilisikiliza nikiosha vyombo, nilisikiliza nikinyoosha nguo. Kijiko kikigongana na kikombe naruka. Chumba cha Baba kiko juu ya ukuta huo huo, na kitanda chake kimeelekezwa dirishani. Ukuta ukienda, atakwenda nao, na godoro lake.

Nikamleta Colin Thurlow, mjukuu wa yule Thurlow aliyekuwa na punda. Colin anatengeneza nyumba za zamani. Ni mtu wa kuchelewa, na biskuti zangu anazimaliza bila haya, lakini kila mtu humu anasema ukuta anaujua. Aliizunguka nyumba akigongagonga kwa kifundo cha kidole, akarudi jikoni akiwa na sura ya mtu wa mazishi.

"Mzee Borrett, hii saruji lazima itoke yote."

"Itoke iende wapi?"

"Maji yanaingia kwenye nyufa, halafu hayana pa kutokea. Ukuta haupumui."

"Ukuta si ng'ombe, kijana. Kunywa chai yako uende."

Colin akanywa, akala biskuti nne, akaenda. Mimi nikabaki na moto wangu.

Siwezi kukueleza wiki zile. Nilisema, nikanyamaza, nikasema tena. Nilimwonyesha nyumba ya akina Pettit ilivyobomolewa upande mmoja kwa kosa lile lile, maana kijiji kizima kilijivika saruji miaka ile baada ya vita, kila mtu akiona haya kukaa katika nyumba ya fito na udongo wakati halmashauri inajenga za matofali. Nilimwambia watu wengi wameshabandua, hakuna aliyekufa kwa aibu. Aligeuza uso dirishani. Mwisho nikamwambia kama ni hivyo mimi nahama, sitaki kuja kumchimbua kifusini.

"Mlango huo hapo," akasema, "ukiweza kuufungua."

Na kweli sikuweza. Nilitokea mlango wa nyuma, nikazunguka kanisa mara mbili nikilia kwa hasira, nikarudi kupika viazi.

Nilidhani ni ukaidi tu. Unajua ukaidi wa Baba. Nilidhani anaulilia ukuta kwa sababu aliupiga saruji kwa mikono yake mwenyewe, mwaka nilipokuwa na miaka mitano, na kwamba mzee akiambiwa kazi yake ni mbovu inamuuma. Hilo ningelielewa. Kumbe sikuelewa kitu.

Ngoja, gunia limefunguka.

Nimerudi. Nimelipigilia misumari zaidi, na Baba ameniambia napigilia kama mtu anayeua panya. Amekaa pale pale na blanketi magotini. Nimemsihi ahamie kwenye kiti cha kando ya jiko, amekataa. Tuendelee.

Ilikuwa Jumapili asubuhi, watu wanaelekea kanisani. Baba alikuwa juu ananyoa ndevu. Kioo cha dirisha lake kikapasuka chenyewe, kutoka kona hadi kona, bila jiwe, bila ndege, bila mtu kukigusa. Nikamsikia akishuka ngazi. Alitoka nje na pajama, sabuni kwenye shavu moja, nyundo ndogo mkononi, akaanza kugonga ukuta kuanzia kona ya mashariki. Ko, ko, ko. Kila mahali sauti tupu, kama unagonga kabati lisilo na kitu. Watu wa kanisani wakapunguza mwendo. Vikari akasema habari za asubuhi, Baba akaendelea kugonga.

Alifika chini ya dirisha la jikoni, penye pipa la maji ya mvua. Akalisukuma pipa pembeni, maji yakamwagika kwenye viatu vyake vya ndani. Akagonga hapo. Sauti ikawa nyingine kabisa, sauti iliyoshiba. Akagonga tena, na tena, mahali pale pale, huku akiwa amepiga magoti kwenye matope.

Bibi Doris Garrod alikuwa amesimama kwenye geti lake na kofia yake ya kanisani. Unamjua Doris, mdomo wake haujawahi kupata likizo.

"Hapo ndipo Edwin alipoishia," akasema.

Baba hakugeuka. "Saruji iliniishia."

"Ilikuishia wapi, Percy wewe? Mifuko ya akiba ilikaa bandani kwako mpaka ikawa mawe. Sid wangu aliichukua akaitengenezea ngazi za bustanini. Zipo mpaka leo. Njoo uzione!"

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni. Baba alibaki amepiga magoti, sabuni inamkauka shavuni. Baada ya muda akainuka kwa kushikilia pipa, akapita mbele yangu, akasema bila kuniangalia, "Mwite yule kijana wako aje."

Niliachana na ibada, nikavuka njia kwenda kwa Doris, na Doris naye akaachana nayo kwa furaha. Akapika chai akaniambia yote. Wewe unayajua kuliko yeye, Baba Mdogo. Nayaandika ili ujue kwamba sasa nami nayajua. Kwamba mwaka ule mlikubaliana kuukarabati ukuta ninyi wawili kumfurahisha Bibi, mama yenu. Kwamba wewe ulikuwa umejifunza kupiga lipu ya chokaa kwa fundi mzee Gathercole, ukaanzia chini ya dirisha la jikoni, ukakimaliza kipande cha kwanza na kuingia cha pili. Na kwamba Baba alikuja na lori la saruji iliyobaki uwanja wa ndege wa vita, akakuambia mbele ya njia nzima kwamba chokaa ni ya kupaka mabanda ya kuku, na mtu asiyejua yuko zama gani akatafute zama zake kwingine. Uliiacha ndoo hapo hapo. Masika yalipofika ulikuwa melini. Na kipande ulichokimaliza Baba hakukipiga saruji kamwe, akakisimamishia pipa mbele.

Maisha yangu yote nimeambiwa, Edwin alifuata jua. Mama alisema hivyo, Bibi alisema hivyo, nami nikawaambia wanangu hivyo hivyo. Na kila Krismasi Mama Mdogo Beryl anaandika kwamba mvua imewanyeshea mfululizo, na hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza ni jua gani hilo. Tumekuwa wajinga wa hiari. Nimekasirika nalo sana, na sijui nimkasirikie nani.

Colin akaja na wenzake, na yule mama wa halmashauri anayeshughulikia nyumba za zamani akaja akatikisa kichwa na kutoa kibali. Saruji ikatoka kwa mabamba. Wiki hiyo sikukaa chini. Kila bamba lililoanguka lilinitoa nje mbio. Lakini nyuma yake, Baba Mdogo, laiti ungeona! Nilikaa na ukuta huo miaka yote na sikuwahi kuuona. Nguzo za mwaloni zimesimama kwa safu, kila kiungo kimechanjwa alama ya fundi ili ijulikane ulimi upi unaingia tundu lipi, na kati ya nguzo zimo fito zilizosukwa na udongo uliokandikwa, na kwenye udongo kuna alama za vidole vya watu ambao hata kanisani hawana kaburi linalosomeka. Niliweka vidole vyangu humo. Sijui kwa nini nilifanya hivyo, nilikuwa na kazi nyingine nyingi.

Boriti ya chini ilikuwa imekwisha karibu yote. Wakaiinua nyumba kwa jeki, polepole, kidogo leo na kidogo kesho, wapate kuiondoa na kuweka mpya. Nyumba ililalamika. Vyombo vikalia kabatini, vumbi la enzi na enzi likatuangukia kwenye supu. Milango iliyokuwa imegoma ikafunguka yenyewe, na ile iliyokuwa ikifunguka vizuri ikagoma. Mlango wa mbele ukarudi kwenye unyoofu wake, na kwa kuwa Baba alishaupiga randa, sasa juu kuna pengo la kupitisha mkono. Colin alicheka mpaka akakaa chini. Hata Baba alitabasamu, ingawa aligeuka ili tusimwone.

Boriti nzima ilikuwa imeoza isipokuwa mahali pamoja. Chini ya kipande chako ilikuwa ngumu, kavu, haiingii hata msumari. Colin aliigonga akapiga mluzi, akauliza ni nani aliyepiga chokaa hii. Baba alikuwa pale pale, akajifanya anakohoa, halafu akakohoa kweli.

Tangu siku hiyo amebadilika, na mabadiliko yake yananitia wasiwasi kuliko ukaidi wake. Alianza kuamka kabla yangu. Akaomba aonyeshwe pipa la chokaa iliyolowekwa, akawa ndiye wa kuikoroga. Akachambua manyoya ya mbuzi ya kuchanganyia, akiyapiga kwa fimbo uani na kumtania Colin kwamba bora ayapake kichwani kwake kwenye upara. Mafundi walikuja wakampenda. Ukuta ukazibwa kipande baada ya kipande, tabaka la kwanza, la pili, na rangi ya waridi itafuata ukikauka. Nikaanza kulala. Nilipata usingizi wiki nzima, fikiria!

Kikabaki kipande kimoja, kile cha pili ulichokiingia ukakiacha katikati. Saruji ilipotoka kikaonekana chote. Ukingo wa chokaa yako uko pale, umesimama ulipoinua mkono, na michoro uliyokwaruza ili tabaka la juu lishike. Baada ya hapo ni fito tupu, maana udongo wa upande huo ulitoka pamoja na saruji. Colin akachanganya udongo wake, akaja na mwiko. Baba alikuwa ameshaleta kiti akakiweka upande wa ndani, mbele ya tundu, akakikalia, mgongo kwenye fito.

"Mzee Borrett, nisaidie kidogo usogee."

"Hiki hapana."

"Hapana vipi? Barafu ikija chokaa haitashika. Nifunge leo, nimalize, niende kwingine."

"Hiki kina mwenyewe. Aliyekianza atakimaliza."

"Nani huyo?"

"Ndugu yangu Edwin. Yuko njiani."

Nilikuwa nimeshika birika, nikaliweka chini. Colin akaniangalia, nikamtazama Baba, Baba akatazama viatu vyake. Nikadhani labda mmezungumza kwa siri, labda ulipiga simu nikiwa dukani. Moyo wangu uliruka kweli. Nilingoja Colin aondoke, nikamuuliza.

"Baba, Baba Mdogo amekuambia anakuja lini?"

Akakisogeza kiti karibu zaidi na fito.

"Umemwandikia?"

"Mkono unatetemeka."

"Umempigia?"

"Hasikii kwenye simu. Wewe mwenyewe ulisema."

Kwa hiyo sasa unajua. Hakuna aliyekualika. Baba amekuweka njiani peke yake, kwa kinywa chake, na tangu hapo amewaambia watu wote. Amemwambia vikari. Amewaambia watu wa baa, na huko wameshapanga nani atakununulia bia ya kwanza. Doris ameanika godoro lake la wageni, kwa madai kwamba la kwetu lina unyevu, na ananiuliza kila siku kama bado una nywele. Mwenye duka ameniuliza unakunywa chai ya aina gani. Kila gari geni likipita njiani Baba anainua kichwa. Mimi ndiye napita kijijini nikiwa nimeinamisha uso, maana kila mtu ananiuliza umefika wapi, na mimi najua hujatoka hata shambani kwako.

Colin alitaka azibe kwa mbao mpaka masika. Baba akakataa, akasema ukifika ukute mbao utadhani tumeshafunga. Kwa hiyo ni gunia tu. Daktari amekuja, amesema chumba chenye joto na mtu asikae kwenye upepo, na Baba amemjibu kwamba amewahi kukaa kwenye upepo mkubwa zaidi vitani. Chokaa nayo haitasubiri. Ikipigwa barafu kabla haijakomaa inabanduka yote. Tuna siku chache za mwezi huu, basi. Baada ya hapo nitalazimika kumwita Colin aje na mbao, nami nitamshika Baba mikono, mimi mwanawe, na hilo sitaki kulifanya.

Sikuandikii kukulaumu. Ulikuwa na haki ya kwenda, na una haki ya kukataa kurudi. Najua umri, najua goti, najua safari ya ndege ni ndefu na nauli si mchezo. Labda pia jeraha lenyewe bado bichi, na mimi sina ruhusa ya kulipima. Lakini nitakuambia wazi ninachokiona kila siku: ndugu yako amekaa karibu na kazi yako ya ujana, ameipa mgongo wake uikinge upepo, na anakungoja. Hajui kuomba. Hajajifunza, na sasa amechelewa kujifunza. Anachojua ni kukaa hapo.

Kama unaweza kuja, njoo. Usifikirie mizigo. Chumba chako cha nyuma kina kitanda, nami nitaegemeza kitabu chini ya mguu mmoja ili usiteremke usiku. Kama huwezi, niandikie mstari mmoja nimsomee, hata wa matusi. Kimya chako ndicho kinachomweka kwenye upepo.

Nilikuwa nataka kuifunga barua hapa. Nimemgeukia Baba nimemwambia nakuandikia wewe, tena nimekuandikia yote, na kama ana neno aniambie niliweke. Nilidhani atanifokea. Amevuta blanketi, akapeleka kiganja nyuma yake akakiweka kwenye chokaa yako bila kugeuka.

"Mwandikie kwamba kipande chake bado kizima."

"Hilo tu, Baba?"

"Ataelewa."

Nimeliandika kama alivyolisema, na nimeshindwa kuendelea kwa dakika kadhaa, ndiyo maana wino umesambaa hapo juu.

Nisalimie Mama Mdogo Beryl, umwambie jamu yake ya aprikoti ya mwaka juzi tuliila yote na chupa tumeiweka. Nisalimie Trevor na mkewe Noelene na watoto wote, nikiwataja majina nitakosea. Bibi Doris anakusalimu, na vikari, na watu wa baa ambao hata hawakujui. Mungu akulinde, alinde goti lako, na akupe moyo wa kutukumbuka kwa wema.

Ni mimi, binti wa ndugu yako, nikupendaye hata kwa kukusikia tu,

Gillian